Shajara ya mradi: Dawati la ufadhili wa chuo kwa wahitimu 34 wa kidato cha sita

Shajara hii inafuata dawati dogo lililofunguliwa katika kata moja ya Mkoa wa Tanga kuwatafutia fedha za chuo wahitimu 34 wa kidato cha sita. Lengo la kwanza ni mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB). La pili ni ufadhili usiorudishwa, popote unapopatikana. Vifaa: kompyuta moja, printa moja, simu mbili zenye kamera nzuri, kabati lenye kufuli. Mfuko wa dawati: shilingi 900,000, michango ya wazazi. Anayetaka kuanzisha la kwake anakili tarehe na mpangilio, ila makosa ya Aprili ayaache hapa hapa.

Machi 9: Ukaguzi wa bahasha

Dirisha la HESLB kwa kawaida hufunguliwa Juni na kufungwa mwisho wa Agosti, na kila mwaka watu huanza kukimbizana na vyeti Juni hiyo hiyo. Dawati limeanza Machi, wanafunzi wakiwa bado shuleni. Kila mmoja alipewa bahasha ya kaki aijaze nakala: cheti cha kuzaliwa, matokeo ya kidato cha nne, kitambulisho cha mtu atakayekuwa mdhamini, cheti cha kifo kama mzazi amefariki, namba ya kaya kwa walio kwenye TASAF, mpango wa serikali wa kusaidia kaya maskini, na barua ya mfadhili kwa waliosomeshwa sekondari na shirika.

Bahasha zilirudi hivi. Wanane hawana cheti cha kuzaliwa kabisa. Wengine 26 wanacho, lakini 11 kati yao majina ya kwenye cheti hayalingani na ya kidato cha nne. Kwa hiyo walio tayari ni 15, chini ya nusu.

Tatizo la majina linastahili maelezo kwa sababu ndilo lililokula muda kuliko jambo lolote lingine. Huku kwetu pwani jina moja lina sura nyingi: Athumani, Athuman, Othman, Hadija na Khadija, Ally, Ali, Alli. Karani wa kliniki aliandika alivyosikia, mwalimu wa darasa la kwanza akaandika alivyozoea, na mtoto akaenda nalo hivyo hadi kidato cha sita. Mtaani ni mtu yule yule. Kwenye mfumo ni watu wawili, na mkopo hauwezi kupewa watu wawili.

Aprili 4: Viapo 11, viwili havikufaa

Uamuzi wa haraka ulikuwa kuwapeleka wote 11 wakaape kiapo cha majina kwa mkupuo mmoja, shilingi 5,000 kila mmoja, jumla 55,000. Lilikuwa kosa. Kiapo kinasaidia pale tofauti ni ndogo na mtu yeyote akisoma anaona ni jina lile lile. Wawili kati ya hao 11 walikuwa na majina tofauti kabisa: cheti cha kuzaliwa kina jina alilopewa na bibi, shule ikaandikisha jina jingine. Hapo kiapo peke yake hakitoshi. Inatakiwa hati ya kubadili jina, iandikwe na wakili na isajiliwe kwa Msajili wa Hati. Familia zililipa, dawati likachangia 10,000 kwa kila mmoja.

Utaratibu uliofuatwa baada ya hapo, na ambao ungefaa kuanza nao, ni huu. Chukua karatasi moja kwa kila mwombaji. Andika jina kama lilivyo, herufi kwa herufi, kutoka kila waraka, moja chini ya jingine: cheti cha kuzaliwa, cheti cha darasa la saba, kidato cha nne, kitambulisho cha mzazi, cheti cha kifo. Pigia mstari tofauti. Kisha amua waraka upi ni nguzo. Kwa mkopo na kwa udahili wa chuo nguzo ni jina la kidato cha nne, kwa sababu mfumo wa maombi unalivuta kutoka Baraza la Mitihani kwa kutumia namba ya mtihani. Hilo ndilo gumu kuliko yote kubadilisha, kwa hiyo nyaraka nyingine ndizo zinazolifuata. Kama kosa ni la uandishi kwenye cheti cha kuzaliwa, omba masahihisho RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na uambatanishe ushahidi. Tofauti ndogo, kiapo. Jina tofauti kabisa, hati.

Jina la mzazi nalo lisisahaulike. Mwombaji mmoja kila kitu chake kilikuwa sawa, ila baba kwenye cheti cha mtoto ni Shabani na kwenye cheti cha kifo ni Shaaban. Anayedai uyatima, hapo ndipo dai lake linapokwama.

Aprili 27: Wasio na vyeti, na uhakiki

Wanane wasio na vyeti wameingia kwenye usajili uliochelewa. Ushahidi uliokubalika ni kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, cheti cha darasa la saba na barua ya mtendaji wa kijiji. Waliokuwa na kadi ya kliniki walipita upesi. Wasio nayo walirudishwa mara mbili kuongeza ushahidi, na kila kurudishwa ni nauli ya kwenda wilayani. Asiye na kadi aende safari ya kwanza akiwa na nyaraka tatu, si mbili.

Waombaji watano wamefiwa na mzazi. Watatu wana cheti cha kifo. Wawili walileta kibali cha mazishi wakidhani ndicho. Sicho. Kibali kinaruhusu kuzika. Cheti cha kifo hutolewa baada ya kifo kusajiliwa. Familia zote mbili zimeanza kusajili sasa, moja ikiwa imechelewa miaka tisa.

Vyeti vya kuzaliwa na vya vifo ni lazima vihakikiwe na RITA kabla ya kuambatanishwa kwenye maombi ya mkopo. Kwa waliozaliwa Zanzibar uhakiki unafanywa na wakala wa huko, ZCSRA. Maombi ya uhakiki ni ya mtandaoni: unapakia picha ya cheti, unapewa kumbukumbu namba ya malipo, unalipa kwa simu, unasubiri majibu. Maombi manne ya kwanza yalirudi kwa sababu picha haisomeki. Taa ya simu ilikuwa inang'arisha katikati ya cheti, pale pale penye namba ya ingizo. Dawa: cheti kinawekwa juu ya meza iliyo karibu na dirisha, asubuhi, taa ya simu imezimwa, picha inapigwa kwa programu ya kuskani inayonyoosha kingo na kuhifadhi kama PDF. Cheti kilichopigwa lamineti hakikwepi mng'aro kwa namna yoyote ukikipiga wima, kiinamishe kidogo.

Mei 20: Kabla ya JKT

Mitihani ikiisha Mei, wahitimu wengi huitwa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria, na mafunzo yanakula miezi ile ile ambayo dirisha la mkopo na la udahili liko wazi. Wapo watakaobaki Tanga, na wapo watakaopelekwa hadi Bulombora, Kigoma. Kambini simu si ya kushika unapotaka.

Kila anayeondoka ameacha vitu vinne. Cha kwanza ni karatasi ya taarifa: namba ya mtihani ya kidato cha nne, namba za mitihani mingine kama alirudia, shule zote alizosoma na nani alilipa ada, tarehe za kuzaliwa za wazazi. Cha pili ni orodha ya programu tano za chuo kwa mpangilio wa anavyozitaka. Cha tatu ni picha za pasipoti nne. Cha nne ni laini ya simu yenyewe, imesajiliwa kwa jina lake, imewekwa kwenye simu ya mzazi. Wazazi wawili waliona la laini ni kujisumbua. Namba za siri za kuthibitisha zinakuja kwenye laini hiyo hiyo, kwa mkopo na kwa chuo, na zina dakika chache tu za kuishi.

Barua pepe zimefunguliwa mpya kwa wote, neno la siri likaandikwa kwenye daftari linalokaa kabatini. Sababu ni mwaka uliopita: steshenari moja ilisajili waombaji kwa barua pepe ya mwenye duka, duka likafungwa, na watu wakashindwa kuona kama maombi yao yamerudishwa kwa marekebisho. Steshenari ni mahali pa kuchapishia. Akaunti ni ya mwombaji.

Juni 19: Dirisha limefunguliwa, siku tatu za kwanza zimeachwa

Hakuna aliyeingizwa siku tatu za mwanzo. Mfumo huwa na foleni, na mwongozo wa mwaka husika unatakiwa usomwe kwanza, kwa sababu kila mwaka kuna kipengele kinachobadilika. Mwongozo hutolewa kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Umechapishwa nakala mbili na kusomwa mstari kwa mstari.

Hatua zenyewe hazina maajabu: jisajili kwa namba ya kidato cha nne, pata kumbukumbu namba, lipa ada ya maombi 30,000 ambayo hairudishwi, jaza taarifa, pakia vyeti vilivyohakikiwa, chapisha fomu, isainiwe, pakia kurasa zenye sahihi, wasilisha. Dawati limewalipia tisa wasio na uwezo kabisa, 270,000. Wengine wamejilipia.

Palipo na mtego ni kwenye namba ya mtihani. Waombaji watatu walirudia kidato cha nne na wana namba mbili. Namba inayotumika kuomba mkopo lazima iwe ile ile itakayotumika kuomba chuo, na ile nyingine inatajwa sehemu yake. Ukiomba mkopo kwa namba ya kwanza na chuo kwa ya pili, mifumo miwili haikutani: chuo kinaonyesha umedahiliwa, Bodi inaonyesha huna chuo, na mgao haupangwi. Kwenye bahasha za hao watatu namba iliyochaguliwa imeandikwa kwa wino mwekundu.

Jambo jingine la kusema wazi kwa wazazi mapema: huu ni mkopo. Akishahitimu na kupata kazi atakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi hadi uishe. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani, iliyokuwa ikiufanya usiishe, iliondolewa mwaka 2021. Wazazi watatu walikuwa wanaamini ni msaada wa serikali. Mmoja, alipoelezwa, aliuliza swali zuri kuliko yote ya siku hiyo: asipopata kazi je? Makato yanafuata kipato, lakini deni linabaki na jina lake.

Julai 6: Mdhamini, mhuri, kiapo

Fomu ikishachapishwa inahitaji sahihi ya mwombaji, sahihi na picha ya mdhamini pamoja na nakala ya kitambulisho chake, sahihi na mhuri wa serikali ya mtaa au kijiji, kisha sahihi na mhuri wa kamishna wa viapo, yaani wakili au hakimu.

Fomu saba za kwanza zilipelekwa kwa mtindo wa kila mtu na lake. Mbili zilirudi na mhuri uliokanyaga jina la mwenyekiti hadi halisomeki. Moja ilisainiwa na mjumbe, ambaye hana mhuri. Wakili wa mjini alitoza 10,000 kwa fomu. Kuanzia fomu ya nane utaratibu ukabadilika: fomu zinakusanywa, mwenyekiti anafuatwa siku moja na kidau kipya cha wino wa mhuri (3,500, fedha iliyotumika vizuri kuliko zote), na wadhamini wanapelekwa pamoja Mahakama ya Mwanzo kwa siku waliyokubaliana na hakimu. Boda nne, safari moja.

Kwa walioko JKT kuna mpaka usiovukwa. Wazazi kadhaa walitaka kusaini kwa niaba ya mtoto. Haikuruhusiwa. Sahihi ile ni tamko la kisheria kwamba taarifa ni za kweli na kwamba deni ni lake, na hakimu hawezi kushuhudia sahihi ambayo hakuiona ikiwekwa. Kwa hao, sehemu ya mdhamini na ya kijiji imekamilishwa. Nafasi ya mwombaji na ya kiapo imeachwa wazi mpaka arudi. Waliobaki hivyo ni 12.

Julai 17: Matokeo

Kati ya 34, waliopata alama za kuingia shahada ni 31. Kipimo cha chini ni ufaulu wa masomo mawili yenye jumla ya pointi 4.0, A ikiwa 5, B 4, C 3, D 2 na E 1. Watatu waliobaki wanaelekezwa stashahada. HESLB imekuwa ikitoa mikopo ya stashahada tangu mwaka 2023/24, lakini kwa fani za kipaumbele tu kama afya, ualimu wa masomo fulani, kilimo, madini na usafirishaji. Wawili fani zao zimo. Wa tatu anataka uandishi wa habari, haimo, na hakuombewa. Jumla ya maombi ya mkopo: 33.

Mwombaji mmoja jina lake limo kwenye orodha ya Samia Scholarship. Ufadhili huu, ulioanza mwaka 2022/23, ni kwa waliofaulu vizuri zaidi tahasusi za sayansi kidato cha sita, na unahitaji udahiliwe kwenye programu ya sayansi, teknolojia, uhandisi, hisabati au tiba. Haurudishwi. Alikuwa ameweka sheria kama chaguo la kwanza kwenye orodha yake ya Mei. Hapo ndipo mzazi alipopanda basi kwenda kambini siku ya kutembelewa na swali moja. Alirudi na jibu: uhandisi.

Maombi ya vyuo yalipelekwa moja kwa moja kwenye mifumo ya vyuo, vitatu kwa kila mtu, 10,000 kila chuo. Hayana la kusimulia.

Agosti 4: Orodha ya 23, zikabaki 6

Tangu Machi zilikuwa zinakusanywa fursa za ufadhili usiorudishwa. Zilifika 23. Leo zimechujwa kwa maswali manne, kwa mpangilio huu, na mpangilio ndio unaookoa muda.

Ni ya ngazi gani? Swali hili peke yake liliondoa 11. Chevening ya Uingereza ni ya shahada ya uzamili na inataka uzoefu wa kazi. Ufadhili wa DAAD kwa Afrika Mashariki nao ni wa uzamili na uzamivu. Kila mwaka makundi ya WhatsApp huwasambazia watoto wa kidato cha sita viungo hivi na kuwapa matumaini ya bure.

Inafungwa lini? Ziliondoka 4. Ufadhili wa serikali ya China huwa na madirisha yake mwanzoni mwa mwaka, matokeo ya kidato cha sita yanatoka Julai. Hautafutwi na mhitimu wa mwaka huu. Unaandaliwa kwa mwaka ujao. Anayeutaka ajue pia kwamba shahada ya kwanza kwa kawaida inaanza na mwaka wa kujifunza Kichina, mwisho wa umri ni chini ya miaka 25, na fomu ya vipimo vya afya hujazwa na daktari, ikiwa na picha na mhuri juu ya picha.

Je, anatakiwa awe ameshaingia chuo? Mfuko wa kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, ulioanzishwa na Benki Kuu mwaka 2009, uko upande huu, kwa hiyo umewekwa kwenye kalenda ya mwakani. Imeondoka 1.

Nani anaomba fedha? Moja ilitaka "ada ya kuchakata" 85,000 itumwe kwa namba ya simu ya mtu. Ilifutwa bila mjadala.

Sita zilizobaki ni pamoja na Nuru Yangu ya NMB Foundation, kwa waliofaulu vizuri kutoka kaya zisizojiweza, na nafasi za Mastercard Foundation zinazopitia vyuo wenza kama Ashesi cha Ghana na USIU-Africa cha Nairobi. Kwa hizi za Mastercard hakuna ofisi moja ya kuomba; unaomba chuo, na ndani ya maombi ya chuo unaomba ufadhili. Kwa shule zenye wanafunzi wa kidato cha chini: washindi wa maonyesho ya Young Scientists Tanzania wamekuwa wakipata ufadhili wa chuo kutoka Karimjee Foundation, na maandalizi yake ni ya darasani, si ya mwaka wa kumaliza.

Makosa mawili ya wiki hii yameandikwa kwa undani kwa sababu hayaonekani kirahisi.

La kwanza, alama. Fomu ya chuo cha nje ilikuwa na kisanduku cha GPA, yaani wastani wa alama, na mwombaji mwenye daraja la kwanza pointi 7 akaandika 7. Kwetu pointi chache ndiyo sifa: daraja la kwanza kidato cha sita ni pointi 3 hadi 9. Kwa msomaji wa nje, 7 inaweza kuonekana 7 kati ya 10, au upuuzi. Usigeuze alama mwenyewe. Acha kisanduku wazi kama kinaruhusu, na uambatanishe karatasi fupi yenye alama za kila somo na mizani yake: A ni 80 hadi 100, B 70 hadi 79, C 60 hadi 69, D 50 hadi 59, E 40 hadi 49, S 35 hadi 39.

La pili, barua za mapendekezo. Mkuu wa shule alitoa barua tano zinazofanana, zimebadilishwa jina tu: nidhamu nzuri, bidii, ushirikiano. Barua kama hiyo haimsemi mtu. Zilirudishwa kwa heshima pamoja na nusu ukurasa wa taarifa za kila mwanafunzi, na walimu wa masomo wakaombwa waandike wao. Mwalimu wa fizikia aliandika kwamba mwanafunzi alitengeneza upya vibao vitatu vya maabara vilivyoungua na kuwafundisha wa kidato cha tano kuvitumia. Hiyo ni barua.

Insha nazo zilikuwa na ugonjwa mmoja: aya mbili za kulilia umaskini kabla ya jambo lolote. Kipato cha kaya kina kisanduku chake kwenye fomu. Insha ibebe alichofanya, kwa tarehe na idadi.

Pasipoti ya kusafiria, 150,000, haikulipiwa kwa yeyote kabla hajaitwa kwenye usaili. Hakuna mfuko wa kata unaoweza kubahatisha kiasi hicho mara sita.

Agosti 30: Siku mbili za mwisho

Kati ya 12 wa JKT, 10 wamesharudi. Sahihi, hakimu, skani, kuwasilisha. Umeme ulikatika saa tano asubuhi hadi saa kumi. Kurasa zilipakiwa kwa simu. Wawili ambao hawajarudi walihudumiwa kambini kwao, fomu zikiwa zimetangulia kwa basi. Maombi 33 yamewasilishwa, la mwisho saa nne usiku.

Septemba 18: Marekebisho

Baada ya uhakiki Bodi hufungua siku chache za marekebisho, na taarifa inakaa ndani ya akaunti. Usisubiri kupigiwa. Dawati linaingia kwenye akaunti zote 33 kila Jumatatu na Alhamisi. Kazi ya saa moja na nusu.

Sita zimerudi. Tatu: ukurasa wa sahihi ulipakiwa mara mbili na wa mdhamini ukasahaulika. Moja: kitambulisho cha mdhamini upande mmoja tu. Moja: cheti cha kifo hakijahakikiwa, kilikuwa kimetoka mwezi huo huo na haraka ikaficha. Ya sita ni ya kosa la dawati lenyewe, vyeti vya waombaji wawili wenye ubini mmoja vilibadilishana mafaili. Tangu leo faili linaitwa kwa namba ya mtihani, halafu aina ya waraka, na jina halitumiki kabisa.

Zote sita zimesahihishwa siku mbili kabla ya kufungwa.

Oktoba 28: Mgao

Majina hutoka kwa awamu. Awamu ya kwanza 14, ya pili 8, ya tatu 3. Jumla 25 kati ya 33. Wa Samia Scholarship amepata na hahesabiwi humo; maombi yake ya mkopo yamefungwa.

Wanne walikawia kwa sababu ya udahili. Walichaguliwa chuo zaidi ya kimoja na hawakuthibitisha. Namba ya siri ya kuthibitisha ilikuja kwenye laini, na laini zilikuwa zimehamishwa kwenye simu mpya ya mtu mwingine nyumbani. Walipothibitisha chuo kimoja waliingia awamu iliyofuata.

Kupata mkopo si kupata wote. Fedha ya chakula na malazi ni 10,000 kwa siku, vitabu na viandikwa 200,000 kwa mwaka, na sehemu ya ada hupangwa kwa kuangalia uhitaji. Vipo visivyoguswa na mkopo ambavyo chuo hudai siku ya usajili: bima ya afya ya NHIF 50,400, ada ya udhibiti ubora ya Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) 20,000, kitambulisho, chama cha wanafunzi. Na fedha ya kujikimu haiingii kabla mwanafunzi hajafika chuoni, akajisajili na kuthibitishwa. Familia zimeambiwa ziwe na 350,000 mkononi: nauli, usajili, na chakula cha wiki tatu hadi nne. Waliouza kitu, wameuza kwa ajili ya hizo, si kwa ajili ya ada.

Novemba 22: Rufaa na hesabu

Waliokosa ni 7. Watano wamekata rufaa dirisha lilipofunguliwa. Rufaa isiyo na ushahidi mpya ni kurudia ombi lile lile, kwa hiyo kila moja iliambatanishwa na kitu ambacho Bodi haikukiona mara ya kwanza: cheti cha kifo kilichohakikiwa, barua ya mfadhili wa sekondari, uthibitisho wa kaya ya TASAF, taarifa ya daktari kuhusu ulemavu wa mzazi. Watatu wamekubaliwa, ambao ni wale wenye cheti cha kifo, barua ya mfadhili na uthibitisho wa TASAF. Wawili waliobaki na wale wawili ambao hawakukata rufaa wameahirisha mwaka au wanalipa kwa awamu.

Ufadhili usiorudishwa: maombi 9 yalitumwa kwenye zile nafasi sita. Mmoja ameitwa kwenye usaili, majibu bado. Pasipoti yake imeombwa.

Matumizi ya mfuko hadi leo: ada za maombi kwa waombaji tisa 270,000, karatasi, wino wa printa na wa mhuri 212,000, nauli za boda na basi 138,000, intaneti miezi minane 96,000, viapo na hati za majina 75,000, ada za uhakiki kwa wasio na uwezo 64,000. Jumla 855,000. Zimebaki 45,000, na zimewekwa kwa ajili ya bahasha za mwaka ujao, ambazo zitagawiwa kwa kidato cha tano Januari badala ya kidato cha sita Machi. Karatasi ya kulinganisha majina itakuwa ya kwanza ndani yake.